Tairi Huchaguliwa kwa Kazi, Si kwa Sura

Ndugu msomaji, juma hili nimeletewa swali na mama mmoja, mkazi wa Mbagala, jijini Dar es Salaam. Nalileta hapa kwa kuwa naamini si swali lake peke yake.

Mwanawe wa pili huendesha bodaboda ya mkataba. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na kinachosalia ndicho kinunuacho unga, mkaa na madaftari ya wadogo zake. Matengenezo madogo, pamoja na matairi, ni juu yake mwenyewe. Sasa tairi la nyuma limekuwa kipara. Zamu ya mama katika mchezo wa kina mama wa mtaa wao imewadia, na kijana amemwomba amkopeshe sehemu ya fedha hizo. Lakini hataki tairi la kawaida. Amepata muuzaji wa vitu vilivyotumika aliye na tairi pana na laini, lililotolewa katika pikipiki kubwa ya mashindano, kwa bei iliyo chini ya tairi jipya. Muuzaji amemhakikishia kwamba akilifunga hilo, ameagana na utelezi.

Mama, ambaye hajapata kuendesha hata baiskeli, auliza: nimpe au nisimpe?

Jibu langu ni hili: mpe, mama yangu, lakini si kwa ajili ya tairi hilo. Na kwa kuwa kijana hatakubali kukataliwa bila ya kuelezwa, yafaa tueleze.

VIGANJA VIWILI

Laza kiganja chako juu ya meza, ndugu msomaji, ukitazame. Sehemu ya tairi inayogusa ardhi wakati pikipiki iko njiani haizidi sana ukubwa wa kiganja hicho. Viganja viwili tu, kimoja mbele na kimoja nyuma, ndivyo vinavyobeba chombo, dereva, abiria na mzigo. Ndivyo vinavyosukuma chombo mbele, ndivyo vinavyokata kona, na ndivyo vinavyosimamisha. Watu husifu breki, na breki ni jambo kubwa. Lakini breki kazi yake ni kuzuia gurudumu lisizunguke. Tairi ndilo limzuialo mtu asiendelee mbele. Gurudumu likiwa limesimama na tairi halishiki ardhi, chombo kitakwenda kwa kuserereka mpaka kikutane na kitu.

Gari tairi lake moja likipasuka, yako mengine matatu ya kulishikilia. Pikipiki haina hisa hiyo. Ndiyo maana mwenye gari aweza kununua tairi kwa uzembe akaishi kujutia fedha zake, ilhali mwenye pikipiki aweza kukosa hata nafasi ya kujuta.

LA MASHINDANO NI LA MASHINDANO

Kijana hakukosea alipodhani kwamba tairi la mashindano hushika barabara kuliko tairi lolote. Katika uwanja wa mashindano ni kweli kabisa. Ukitazama waendeshaji mabingwa wakikata kona, huwaona wamelala hata kiwiko kikagusa lami, na bado hawaanguki. Lakini tuulize: tairi hilo hufanya hivyo katika hali gani?

Kwanza, hufanya hivyo likiwa na moto. Mpira wake umechanganywa uwe laini, na ulaini huo hautoki mpaka tairi lipate joto kali. Ndiyo maana kabla ya mashindano mafundi huyafunika matairi kwa mablanketi ya umeme, yakapashwa hadi kiasi cha nyuzi 80 au 100 za Selsiasi. Mwendeshaji akitoka hapo hukimbia kwa mwendo wa kutisha, na mwendo huo, pamoja na kufunga breki kwa nguvu, hulihifadhi joto. Bodaboda ya Mbagala huenda kilometa 40 kwa saa, husimama kwenye taa, humngoja abiria sokoni, kisha huondoka tena. Tairi la mashindano likifanya safari hiyo halipati joto linalolitaka, nalo likiwa baridi hushika barabara vibaya kuliko tairi la kawaida unalolidharau.

Pili, hufanya hivyo mahali pakavu na pasafi. Tairi la mashindano ya lami kavu halina mifereji hata kidogo. Ni laini tupu kama chupa. Mvua ikinyesha, waendeshaji hulazimika kutumia matairi mengine yenye mifereji ya kukamua maji. Je, kijana wetu mvua ya masika ikimkuta Barabara ya Kilwa na abiria mgongoni, ataegesha wapi abadili tairi?

Tatu, tairi hilo halikuumbwa lidumu. Mashindano makubwa ya dunia huwa ya kilometa mia na kitu, kwa muda usiofika saa moja. Yakiisha, tairi limemaliza kazi yake. Mpira uliopata moto mkali kisha ukapoa, ukapata moto tena kisha ukapoa, hukakamaa na kupoteza ule ulaini ulionunuliwa. Kwa hiyo anachouziwa kijana si nguvu za bingwa, bali ni makapi yake. Mwamba ngoma huvutia kwake, na muuzaji hakuwa na sababu ya kumweleza hayo.

UBAVU WA TAIRI HUSEMA

Hapana haja ya kumtegemea muuzaji. Kila tairi limeandikwa ubavuni habari zake, na mtu aliyesoma hesabu za darasa la tano aweza kuzielewa.

Pikipiki nyingi ndogo zichukuazo abiria hapa kwetu ni za cc 100 hadi 150, na tairi lao la nyuma aghalabu huandikwa 3.00-17 au 3.00-18. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi; ya pili ni kipenyo cha rimu, nacho pia ni kwa inchi. Matairi ya mbele ya pikipiki kubwa za mwendo kasi aghalabu huandikwa 120/70, kisha 17. Maana yake ni kwamba upana ni milimita 120, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Hapo ndipo mtego ulipo. Muuzaji huonyesha 17 na 17, akasema vinalingana.

Ni kweli, fundi mwenye nguvu aweza kulipachika. Lakini tairi la 120/70 limetengenezwa likalie rimu yenye upana wa inchi 3 na nusu, ilhali rimu ya pikipiki ndogo upana wake haufiki hata inchi 2. Likilazimishwa hubanwa mashavu, mgongo wake ukainuka kama tuta. Kijana alidhani amenunua upana, kumbe sehemu inayogusa ardhi imekuwa nyembamba kuliko ya awali. Kadhalika tairi laweza kusugua mnyororo au uma wa nyuma, na chombo kikawa kizito kukata kona.

Baada ya kipimo huja tarakimu na herufi, mathalani 50P. Tarakimu 50 yamaanisha kwamba tairi hilo, likiwa na upepo wa kutosha, laweza kubeba kilo 190 na si zaidi. Herufi ni mwendo: P ni kilometa 150 kwa saa. Matairi ya pikipiki kubwa huweza kuwa na herufi W, yaani kilometa 270 kwa saa. Naomba kuuliza tu: kati ya Rangi Tatu na Chamazi, mwendo huo utakimbilia wapi?

Tazama pia herufi TT au TL. TT ni tairi litumialo tyubu. TL ni lile lisilohitaji tyubu, ambalo mafundi huliita tubelesi. Rimu za spoki za pikipiki zetu nyingi hupitisha upepo kwenye matundu ya spoki, hivyo huhitaji tyubu. Tazama mshale uonyeshao upande tairi linapopaswa kuzungukia. Likifungwa kinyume, mifereji haitakamua maji kama ilivyokusudiwa. Mwisho, tafuta tarakimu nne zilizomo ndani ya kijifremu mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT. Ukikuta 1822, jua tairi hilo lilitengenezwa juma la 18 la mwaka 2022. Tairi huzeeka hata likiwa limening'inizwa dukani. Watengenezaji wengi hushauri kwamba likishatumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe, hata kama mifereji yake ingali mirefu.

KASHATA ZA NJIA IPI?

Yale mafundo ya mpira yaliyotenganishwa na mifereji, ambayo mafundi wetu huyaita kashata, hayakuwekwa kwa urembo. Hakuna mtu aendaye kulima na viatu vya harusi, wala aendaye harusini na mabuti ya shamba. Tairi nalo ni kiatu.

Kwa atembeaye lami siku nzima, kashata zilizokaribiana, zenye mifereji ya kutosha kutoa maji, ndizo zifaazo. Kwa aishiye katika vumbi, kokoto na matope, kashata kubwa zilizoachana huuma ardhi na kujisafisha zinapozunguka. Lakini hizo zikiletwa kwenye lami hutetema, huisha upesi, na hushika kidogo wakati wa kona, kwa kuwa mpira unaogusa ni mchache. Kijana wetu hufanya kazi zote mbili: hupita Barabara ya Kilwa yenye lami, kisha huingia katika vichochoro vya mchanga. Kwake yeye lifaalo ni tairi la mchanganyiko, lenye mstari wa mpira ulioshikana katikati na kashata za wastani pembeni. Halina sifa za kujivunia kijiweni, lakini ndilo tairi la kazi yake.

MZIGO WA MWENZIO

Sasa turudi kwenye zile kilo 190, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Tufanye hesabu pamoja. Pikipiki ndogo huwa na uzito wa kiasi cha kilo 120. Nusu yake, kilo 60, iko juu ya tairi la nyuma. Dereva wa kilo 70 hulielemea tairi hilo kwa kilo 40 hivi. Abiria mmoja wa kilo 65 hukaa karibu sawa na ekseli ya nyuma, hivyo uzito wake karibu wote ni wa tairi hilo. Jumla ni kilo 165. Tairi linaweza. Mpandishe abiria wa pili, mkawa mshikaki: jumla yapata kilo 230. Tairi la kilo 190 limezidiwa kwa kilo 40, na bado hatujahesabu gunia la mkaa wala ndoo ya dagaa.

Tairi lililozidiwa halipasuki palepale, na hilo ndilo linalotudanganya. Hujikunja kila linapozunguka, hupata moto ndani, nyuzi zake huachana polepole. Litavumilia mshikaki wa leo na wa kesho, kisha litapasuka siku ambayo dereva amempakia mtoto mmoja tu wa shule, na watu watasema ni bahati mbaya. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi abiria tunapojibana watatu ili tuokoe nauli, twausahau mzigo wa tairi kwa kuwa si sisi tunaoubeba.

UPEPO NDIO UBEBAO

Ukimuuliza mtu ni kitu gani kinachobeba pikipiki, atasema ni mpira. La. Mpira ni mfuko tu. Kibebacho ni upepo uliomo ndani. Tairi zuri lisilo na upepo wa kutosha ni sawa na tairi baya.

Pikipiki nyingi ndogo huhitaji kiasi cha PSI 25 mbele, na nyuma PSI 28 dereva akiwa peke yake, hadi 32 akiwa na abiria. Kipimo halisi cha chombo chako kimeandikwa katika kitabu chake, au katika kibandiko kilichobandikwa karibu na mnyororo. Hicho ndicho ukifuate. Upepo ukipungua, tairi hulala, hupata moto, hupasuka ubavu, na huweza kuteleza juu ya rimu likang'oa vali ya tyubu. Upepo ukizidi, tairi huwa gumu kama jiwe, hugusa ardhi kwa mstari mwembamba katikati, huisha katikati upesi, na kila shimo humfikia dereva uti wa mgongo.

Vijana wengi hupima upepo kwa kulibonyeza tairi kwa kidole gumba au kulipiga teke. Kidole hakijui tofauti ya 20 na 28. Kipimo kidogo cha upepo huuzwa madukani, na madereva wa kijiwe kimoja waweza kuchanga wakanunua kimoja cha wote. Upimwe asubuhi kabla ya kazi, tairi likiwa baridi, walau mara moja kwa juma. Mchana tairi likiwa na moto upepo hupanda wenyewe. Usiupunguze wakati huo, maana jioni utaukuta umekuwa pungufu.

Kwa kuwa kijana wetu apenda mashindano, nimpe kisa cha kweli. Tarehe 2 Machi 2025, huko Buriram, Thailand, yalifanyika mashindano ya kwanza ya mwaka huo ya MotoGP. Mhispania Marc Márquez, bingwa wa dunia mara nyingi, alikuwa anaongoza. Katika mzunguko wa 7, akiwa mbele, alipunguza mwendo akamwacha mdogo wake, Álex, apite. Watazamaji walishangaa, walidhani pikipiki imeharibika. Sababu ilikuwa upepo wa tairi la mbele. Kanuni za mashindano hayo zimeweka kiwango cha chini cha upepo, na anayeendesha chini yake kwa mizunguko mingi huongezewa sekunde 16 katika muda wake. Márquez alitambua kwamba tairi lake limepungukiwa. Akamfuata nduguye kwa nyuma, mahali ambapo hewa ni ya moto, ili joto liupandishe upepo. Mizunguko michache kabla ya mwisho alimpita tena, akashinda.

Kijana, kama wataka kumwiga bingwa, mwige katika hilo. Mtu aliyekuwa wa kwanza duniani aliiachia nafasi yake kwa ajili ya upepo wa tairi. Wewe huwezi kusimama dakika tano asubuhi?

LA MBELE USILISAHAU

Iko desturi mbaya iliyoenea. Tairi la nyuma huisha mapema kwa kuwa ndilo lisukumalo na kubeba. Wengine, likianza kuchoka, hulihamishia mbele na kuweka jipya nyuma. Nawasihi waache. Unapofunga breki, uzito wote hukimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo lifanyalo sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. La nyuma likiteleza, dereva mzoefu aweza kulituliza. La mbele likiteleza, chombo huanguka kabla hajapata kuwaza. Isitoshe, la mbele na la nyuma hutofautiana upana na umbo.

Wako pia wachongao mifereji mipya kwa kisu cha moto katika tairi lililokwisha kuwa kipara. Hiyo si kurudisha kashata. Ni kupunguza mpira uliobaki kati ya nyuzi na msumari. Katika mifereji ya tairi kuna vijituta vidogo vya mpira, navyo mahali pake huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI. Kashata zikiisha hata zikalingana na vijituta hivyo, tairi limesema lenyewe kwamba limechoka. Tairi lenye nyufa, uvimbe ubavuni, au nyuzi zinazochungulia lisingoje hata siku hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili, ufa wenyewe hauzibiki.

Ukishafunga tairi jipya, kwenda taratibu kwa kilometa 150 za mwanzo ni lazima, kwa kuwa mpira mpya huwa na utelezi wa juu ambao hutoka kwa kusuguliwa na barabara. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iogope kuliko ya tano: vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani huwa hayajaoshwa. Ikitokea tairi limepasuka njiani, shika usukani sawasawa, achia mafuta, usifunge breki ya gurudumu lililopasuka. Kama ni la nyuma, tumia breki ya mbele kwa upole. Kama ni la mbele, tumia ya nyuma. Kisha acha chombo kipungue kasi na kusogea pembeni.

HESABU YA MAMA

Nimesema mama atoe fedha. Lakini tuitazame hesabu yake. Tuchukue kwa mfano kwamba tairi jipya lauzwa shilingi 48,000 na kwamba, likitunzwa, litadumu siku 240 za kazi. Hiyo ni shilingi 200 kwa siku. Tuseme lile lililotumika ni shilingi 30,000, na kwa ugumu wake na kutolingana na rimu likadumu siku 60. Hilo ni shilingi 500 kwa siku, mbali na tyubu zitakazokatika na siku zitakazopotea kwa fundi. Bei iliyo chini dukani imekuwa ya juu njiani.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba mkopo huu uwe wa mwisho wa namna yake. Tangu siku tairi jipya litakapofungwa, kijana aweke kila jioni shilingi 300 katika kopo la mama yake, kabla ya kununua soda wala vocha: 200 za tairi la nyuma, 100 za la mbele ambalo hudumu zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Siku tairi litakapochoka, fedha ya lingine itakuwa imekwisha patikana, na hakutakuwa na sababu ya kuendesha kipara majuma matatu kwa kungoja zamu ya mchezo. Wenye vyombo nao wafikiri. Mkataba unaomwachia dereva matairi na kumbana kwa hesabu kubwa ya kila siku ni mkataba unaomfundisha kuendesha vipara. Chombo ni chako, ndugu. Kikianguka, hasara ni yako pia, na damu haina mkataba.

SISI TUPANDAO

Huenda wewe usomaye huna pikipiki wala mwana aendeshaye. Lakini leo au kesho utapanda, au utampandisha mtoto aende shule. Kabla ya kuuliza nauli, inama utazame tairi la nyuma. Kashata zipo? Ubavu una nyufa? Limelala kama mkate uliobonyezwa? Ukiridhika, panda, vaa kofia. Usiporidhika, mwambie dereva kwa heshima, "Mwanangu, tairi lako limechoka," umwite mwingine. Dereva akikosa abiria watatu asubuhi moja kwa sababu ya tairi, atalibadili upesi kuliko akipigiwa kelele na askari kumi.

Nimalizie kwa habari moja ya zamani. Mwaka 1887, katika mji wa Belfast, huko Ireland, daktari mmoja wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alimwona mwanawe mdogo akisumbuka na baiskeli yake ya magurudumu matatu, yenye matairi ya mpira mgumu, juu ya barabara za mawe. Akachukua mipira membamba, akaijaza upepo, akaifunga kwenye magurudumu ya mtoto. Mwaka 1888 akapata hataza ya ubunifu wake. Mwingereza wa Scotland, Robert William Thomson, alikuwa amebuni jambo hilo tangu mwaka 1845, ila halikushika. Ni tairi la mtoto wa Dunlop lililoenea duniani kote.

Kwa hiyo, mama yangu wa Mbagala, tairi la upepo lilienea kwa sababu mzazi mmoja alimhurumia mwanawe. Nawe leo umefikiwa na zamu hiyo. Nenda naye dukani. Mwulize muuzaji mambo manne: kipimo, uzito, mwaka na mshale. Kisha lipa, uje nyumbani ulitafute kopo.